Sisi Hatuombi Mvua

Sisi Wahandu hatuombi mvua. Watu wakisikia tunatoka nchi kavu wanadhani tunashinda tumepiga magoti tukiyalilia mawingu. Hapana. Kwetu kuomba mvua ni kumwambia Mungu kwamba amesahau kazi yake, na sisi si wasimamizi wake. Tunashukuru ile iliyokwisha kunyesha. Mara moja kwa mwaka, Novemba, kabla ya kupanda, watu wazima wanakaa pamoja na kila mmoja anasimama na mvua yake. Anasema ilimkuta wapi, alikuwa anafanya nini, na alikula nini kwa sababu yake. Kisha anaketi. Ndiyo ibada yenyewe. Wamisionari walipofika waliikuta, wakaongeza zaburi mwanzoni na zaburi mwishoni, na katikati wakatuachia wenyewe.

Inasikika rahisi lakini ina masharti. Mvua lazima iwe imekukuta shambani, kwenye shamba ulilolihangaikia kwa mikono yako. Ukikimbilia chini ya paa, si yako. Na lazima awepo mtu wa kusema, "Nilimwona." Asiye na mvua hasimami, na asiyesimama hali kwenye sahani kubwa. Anakula pembeni na watoto, baadaye anaosha vikombe. Hakuna aliyekuwa anaonewa. Kijijini kijana wa miaka kumi na mitano alikuwa na mvua tatu nne za kuchagua.

Kwetu ni vijiji vitano kaskazini mwa Dodoma, mahali ambapo mahindi yalishajaribiwa yakakataa, tukabaki na mtama na uwele. Ukitaja Kihandu hata Dodoma mjini watu wanakuuliza kama ni kabila au ni ugonjwa. Lugha yetu haijawahi kuandikwa, ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili, nilichokipata kwa miaka minne ya shule kabla baba hajaamua kwamba mbuzi nao wanahitaji mtu.

Stockholm tuko kumi na mmoja, watu wazima. Kisa chetu ni kimoja: Waswidi walikuja kuchimba visima na kujenga zahanati, wakasomesha watu wachache, wale wachache wakaja huku, na sisi wengine tukawafuata. Mimi nilimfuata mke wangu, ambaye ni muuguzi. Yeye alikuja na vyeti, mimi nilikuja na begi na kilo mbili za mbegu za mtama zilizofungwa ndani ya soksi. Nafanya kazi Södertälje, nafunga magurudumu kwenye malori. Tunaishi Alby, ghorofa ya sita, maji ya moto saa zote. Silalamiki. Nimebeba maji kichwani miaka ishirini, kwa hiyo kila nikifungua bomba huwa nasema asante, hata kama hakuna anayesikia.

Jumapili moja ya mwezi tunakutana Tumba, kwenye jumba ambalo Warundi wamelipanga kwa ibada zao. Wao wakimaliza saa nane, sisi tunaingia chumba cha nyuma. Hawajawahi kututoza chochote. Mwangalizi wao, Jean-Bosco, ni mtu mpana, mwenye funguo nyingi na maneno mengi kuliko funguo.

Anayeongoza ibada yetu ni Bibi Adelina. Ana miaka sabini na sita, na ndiye anayeuliza yale maswali mawili: nani amenyeshewa, na nani alimwona.

Sasa nije kwa binti yangu.

Zara alizaliwa hapa. Ana miaka kumi na sita. Nikimsemesha Kiswahili au Kihandu anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiswidi. Wiki tatu kabla ya ibada ya mwaka jana alikuwa anafuta vyombo jikoni, akasema:

"Pappa, mwaka huu nasimama."

"Unasimama wapi?"

"Unajua wapi."

"Na mvua gani? Ile ya kituo cha basi?"

Hakucheka. Aliweka sahani chini, akanigeukia.

"Vijana wenzangu wanaondoka. Adam ameacha kuja. Malik ameacha. Nikiacha na mimi, mtabaki kumi na mmoja mnazeeka mkiangaliana."

"Huwezi kuacha. Wewe ni Mhandu."

"Mimi ni mwosha vikombe. Nina miaka kumi na sita na ninakaa meza moja na watoto wa miaka sita. Mwaka huu nasimama, au sirudi tena. Nimeshamwambia mama."

"Kusimama si kuinuka tu kwenye kiti, mama. Lazima uwe na mvua."

"Ninayo," akasema. "Na wewe unaijua, kwa sababu uliitumia."

Nilijua anasema nini. Kwa miaka saba nilikuwa natumaini kwamba hakuelewa.

Ilikuwa hivi. Nilipofika nchi hii nilipata kipande cha bustani, hatua kumi kwa nane, karibu na Tumba. Wana vyama vya bustani huku, unajiandikisha, unangoja, unapewa. Nilishukuru sana. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mtama Novemba. Kwetu ndiyo wakati wake; unapanda kwenye vumbi, unangoja mvua za Desemba. Nilichimba mashimo, nikafukia mbegu, nikasimama nikaangalia mbingu kama nilivyofundishwa. Mama mmoja wa Kiswidi wa kipande cha jirani, Gunilla, alikuja kunitazama akiwa amevaa kofia ya sufu, akaniuliza ninazika nini. Baada ya siku nne ardhi ilikuwa jiwe. Walinicheka mpaka majira ya kuchipua, na walikuwa na haki.

Baadaye nilijifunza kupanda mwishoni mwa Mei. Lakini mtama hautaki nchi hii. Unaota, unarefuka, kisha Septemba baridi inaukuta bado haujakomaa, unakufa umesimama. Kila mwaka nilipanda, kila mwaka ulikufa. Nilikuwa nafanya hivyo kwa ukaidi tu.

Halafu ukaja mwaka 2018. Kila aliyekuwa huku anaukumbuka. Jua lilianza Mei, halikuondoka. Nyasi zikawa njano, misitu ikaungua, wafugaji wakachinja ng'ombe kwa kukosa majani. Mtama wangu ukafika kiunoni Julai ilipoanza, nikasema sasa nchi imetukubali. Kisha chama chetu kikafunga mabomba ya bustani. Nilikwenda mara mbili nikakuta majani yamejikunja kama karatasi. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Zara, aliyekuwa na miaka tisa na ndiye niliyekuwa nakwenda naye:

"Umekufa. Achana nao."

Na mimi nikaachana nao kweli. Nilikuwa na likizo, joto lilikuwa kali, nikanunua feni, nikalala sebuleni.

Yeye hakuachana nao. Aliamka kila asubuhi, akajaza chupa za plastiki bafuni, nne kwenye mkoba wa shule na moja mkononi, akapanda basi mpaka Tumba. Mke wangu alikuwa kazini, akidhani mtoto yuko na mimi. Mimi nilidhani yuko uwanjani anacheza. Siku moja mwanzoni mwa Agosti mvua ilishuka mchana, mvua ya radi, nzito, ya kwetu kabisa. Nililala nikaisikiliza. Baadaye kengele ikalia. Nilipofungua mlango alikuwa Zara, amelowa mpaka nywele, tope hadi magotini, anacheka. Nilimgombeza kwa ajili ya zulia.

Sikwenda bustanini mpaka wiki ya pili. Mtama ulikuwa hai. Kila shina lilikuwa na kibonde kidogo kilichochimbwa kwa mkono, vile tunavyofanya kwetu, na kando ya uzio chupa zimepangwa mstari. Septemba masuke matatu yalikomaa. Haijatokea tena mpaka leo.

Novemba niliyachukua yote matatu, nikayapeleka Tumba. Watu walipoyaona walilia. Mtama wa mbegu zetu, umekomaa Uswidi! Bibi Adelina aliyashika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga, akaniuliza, "Boniface, mvua ilikukuta?" Nikasema ilinikuta. Nikasimama. Nikaeleza jinsi nilivyobeba chupa. Mke wangu alikuwa zamu siku hiyo. Hakuna aliyeuliza nani aliniona, kwa sababu masuke yenyewe yalikuwa mezani na kila mtu alikuwa anayaangalia hayo. Kwenye meza ya watoto Zara alikuwa anakula wali. Aliinua uso, akanitazama, akainama tena. Punje za masuke yale zilipikwa, zikaliwa kwenye sahani kubwa.

Hiyo ndiyo mvua niliyoitumia. Na mwaka hadi mwaka nilisimama nayo, kwa sababu watu waliipenda. Waliiita mvua ya Boniface.

Kesho yake, baada ya yale maneno ya jikoni, nilimfuata chumbani kwake.

"Sikiliza," nikasema. "Simama. Sema tulikuwa wawili. Mimi nitasema nilikuona, wewe utasema uliniona. Watu wawili wanaweza kunyeshewa na mvua moja."

"Hukuwepo, pappa."

"Ni neno dogo."

"Kama ni dogo, liseme wewe. Sema hukuwepo."

Nilimwambia hana adabu. Akasema inawezekana. Nilikwenda kwa mke wangu, aliyekuwa ananyoosha nguo zake za kazi, nikamwambia mtoto wako anataka kuniaibisha mbele ya watu. Hakugeuka.

"Mtoto ameubeba uongo wako miaka saba," akasema. "Sasa amechoka. Ubebe mwenyewe."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Boniface, niliziona chupa zote zimekwisha nyumbani. Na wewe ninakujua."

Jumapili ilipofika tulichukua basi, sisi watatu, hatukusemezana. Saa nane kasoro tulikuwa mlangoni. Jean-Bosco alikuwa anawatoa Warundi wa mwisho, ambao hutoka kanisani polepole kama watu wanaotoka harusini.

"Ah, watu wa mtama!" akaniambia. "Muko wangapi leo?"

"Kumi na mmoja."

"Kila mwaka kumi na mmoja. Hamuzaane?"

"Tunazaa. Wanakimbia."

"Lete kwetu, patron, sisi tuna kwaya. Mtoto akipewa maikrofoni hakimbii." Akamwangalia Zara, akamwangalia mama yake, kisha mimi. "Kuna msiba?"

"Bado," nikasema.

Akanipa ufunguo bila kuongeza neno, na kwa Jean-Bosco hilo ni jambo kubwa.

Chumba kilikuwa cha joto. Wanawake walikuwa wamesonga ugali wa mtama, mlenda ukaletwa na sufuria yake. Tuliimba zaburi. Kisha Bibi Adelina, akiwa amekaa na koti lake la baridi kwa sababu hajawahi kuamini joto la nchi hii, akauliza kwa Kihandu:

"Nani amenyeshewa?"

Wakasimama mmoja mmoja, kuanzia wakubwa. Mvua ya mwaka wa njaa. Mvua ya El Niño, iliyomkuta shemeji yangu juu ya paa akizuia bati. Kila mwaka tunabishana kama juu ya paa ni shambani, na kila mwaka tunampitisha kwa sababu aliangukia kwenye mtama. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Zamu yangu ilikuwa inakaribia. Nilikuwa bado nimekusudia kusimama na mvua ileile. Naandika hili kwa sababu ndiyo kweli.

Lakini Zara alitangulia. Alitoka kwenye meza ya watoto, akasimama katikati, mikono nyuma. Akasema kwa Kihandu. Kihandu chake ni kibovu, anakivuta kama gari la tairi bovu, na palipomshinda aliweka Kiswahili.

"Mvua ilinikuta bustanini Tumba, mwaka wa jua kali. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nachimbia mashina vibonde kwa kijiko. Niliogopa radi, lakini sikukimbia, kwa sababu nilifikiri nikikimbia itaacha." Akavuta pumzi. "Sikula kitu kwa sababu yake. Masuke yalikuwa matatu, yakaletwa hapa. Mlikula nyinyi."

Kila mtu aliijua mvua ile. Bibi Adelina hakunitazama. Alimtazama mtoto muda mrefu, kisha akauliza kama sheria inavyotaka:

"Nani alimwona?"

Hapo ndipo ningeweza kukaa kimya. Gunilla alishahama. Mama yake alikuwa kazini siku ile. Kama ningenyamaza, Zara angerudi kwenye meza ya watoto, angechukua koti lake, na ninamjua, asingerudi tena. Mimi ningebaki na mvua yangu na sahani yangu. Nilimwangalia. Hakuwa ananiangalia kwa hasira. Alikuwa anangoja tu, vile mtu anavyongoja basi ambalo hana hakika kama lipo.

Nikasimama.

"Mimi nilimwona," nikasema. "Nilimfungulia mlango Alby. Alikuwa amelowa, ana tope mpaka magotini. Chupa alibeba yeye. Vibonde alichimba yeye. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala. Mvua niliyokuwa nasimama nayo miaka yote hii haikuninyeshea. Ni yake."

Shemeji yangu alikuwa ameinua kijiko, akakisahau hewani.

"Ulikuwa umelala," akasema Bibi Adelina.

"Ndiyo, Bibi."

"Kitandani?"

"Kwenye kochi. Na feni."

"Na ulipomfungulia mlango ulimwambia nini?"

Hilo sikulitarajia. "Nilimwambia asikanyage zulia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, kisha wengine wakashindwa, na kabla sijajua nifanye nini chumba kizima kilikuwa kinacheka, hata mke wangu. Bibi Adelina peke yake hakucheka. Alingoja kicheko kiishe.

"Kushukuru kwa mvua ya mwingine," akasema, "ni kumdanganya Mungu usoni. Kwetu sijui adhabu yake, Boniface, kwa sababu tangu nizaliwe sijaona mtu mwingine mjinga kiasi hicho."

"Ndiyo, Bibi."

"Unayo nyingine?"

Ninayo. Nina mvua za ujana wangu, nzuri tu. Mbili zilinikuta nikipalilia mtama, mbali kabisa na paa lolote. Lakini nilimtazama Zara bado amesimama pale, na nikaona si siku ya kutoa nyingine mfukoni.

"Ninazo, Bibi. Leo sisimami nazo."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi kaa na watoto. Mwakani tutakusikiliza." Kisha akamgeukia Zara, akapiga kiti cha kando yake kwa kiganja. "Wewe njoo hapa. Nilikula mtama wako na sikukushukuru. Mtoto akae miaka saba bila kuonja alichokilima! Kaa."

Zara akakaa. Sahani kubwa ililetwa, ugali unatoa moshi, na kwetu mgeni wa sahani ndiye anayemega kwanza. Akamega tonge kubwa mno, likamuunguza, akapiga kelele kwa Kiswidi, akalirusha toka mkono huu hadi mkono huu. Wazee wakamshangilia kama amefunga goli.

"Chovya mlenda!" wakamwambia. "Chovya, usipulize! Anapuliza kama Mswidi!"

Akachovya. Mlenda ukamvutikia mpaka kidevuni. Bibi Adelina akamfuta kwa kona ya kitenge chake.

Mimi nilikwenda meza ya watoto. Kiti kilikuwa kifupi, magoti yangu yakafika kifuani. Kamila, kitukuu wa Bibi, ana miaka sita, alinisogezea sahani ya plastiki, akanikagua.

"Kwa nini wamekuleta huku?"

"Nilisema uongo."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu. Na kwa watu wote wale."

Akafikiri. "Mimi nilisema uongo kwa mwalimu," akasema. "Nililia."

"Mimi bado."

"Utalia tu," akaniambia, kama daktari. "Kula kwanza."

Nikala. Wali ulikuwa umepoa na kulikuwa na maharagwe machache. Kule kwenye sahani kubwa walikuwa wanamuuliza Zara habari za kijiko chake, kilikuwa kikubwa kiasi gani, na mashina yalikuwa mangapi, na radi ilipiga upande gani, na yeye anawajibu, na lugha ikimwishia wanampa neno, anarudia, anaendelea. Walikuwa wameinama wote kumsikiliza, watu kumi, wengine wa umri wa nyanya yake. Nilihesabu tena. Pamoja naye walikuwa kumi na mmoja, na mimi sikuwamo.

Nikamwambia Kamila anisogezee maharagwe.